Maua ya Hedwiga na Sakafu ya Stanley

Kuna watu wanaopenda nyumba zao, halafu kuna Stanley wa Njiro, Arusha. Bwana huyu aliipenda sakafu ya kibaraza chake mpaka majirani wakawa wanamwonea huruma mkewe. Tuseme ukweli, ilikuwa sakafu nzuri. Wakati wa kujenga alimsimamia fundi kuanzia kumwaga kokoto hadi kupiga niru ya kuulainisha uso wake, rangi nyekundu ikachanganywa na saruji yeye akiangalia, na fundi alipotaka kwenda kula akaletewa chakula palepale asije akaacha kazi ikakauka vibaya. Ilipomalizika iling'aa vizuri sana. Kando ya ukuta Stanley akaweka benchi refu la mninga alilolichongesha kwa seremala wa mtaa wa Sakina, na kila jioni akirudi kazini alikaa hapo amekunja nne, anaitazama sakafu yake kama mtu anayetazama ng'ombe wake wakirudi zizini.

Sasa mtu kama huyo Mungu akampa mke anayependa maua.

Hedwiga hakuanza na maua. Alikuwa Mchaga wa Kibosho aliyesoma, mpiga chapa katika shirika moja la umma pale mjini, na vidole vyake vilijulikana ghorofa zote. Kisha zikaja zile zama za soko huria. Shirika likatafutiwa mnunuzi, mnunuzi akaja na watu wake na mashine zake, na wafanyakazi wakaambiwa asanteni sana, nendeni nyumbani. Wenzake wengine walifungua maduka ya mitumba, wengine wakaenda mpakani Namanga kutafuta biashara. Hedwiga alijifungia chumbani akalia, akatoka, akanawa uso, akachukua makopo ya rangi yaliyobaki kwenye ujenzi, akayatoboa matako na kuanza kuchomeka vipande vya maua.

Watu walimcheka. Maua yataliwa? Lakini mama yule alikuwa ameona jambo ambalo wao hawakuliona. Njiro ya siku hizo ilikuwa inaota nyumba kama uyoga, na kila nyumba mpya ilikuwa na ukuta mrefu, geti la chuma, na ndani yake vumbi tupu. Wenye nyumba walitaka kijani, tena walikitaka haraka. Kabla mwaka haujaisha magari yalikuwa yanasimama getini kwake, wake za wakubwa wanashuka, wanaulizia waridi, wanaulizia asumini, wanauliza hili linataka jua ama kivuli. Hedwiga alifurahi mpaka akawa anaimba jikoni. Tangu aolewe hakuwahi kuwa na kitu ambacho watu walikuja kumwuliza yeye mwenyewe, siyo mumewe.

Tatizo lilikuwa mahali pa kuyaweka. Uani palikuwa na kuku, na kuku na miche hawapatani hata kidogo. Mbele ya nyumba palikuwa na jua kali la kuunguza. Mahali pazuri, penye kivuli cha asubuhi na mwanga wa jioni, tena panapoonekana kutoka getini, palikuwa mahali pamoja tu: kibarazani kwa Stanley.

Mwanzoni Stanley alivumilia. Makopo yalisimama kwenye mstari mmoja pembeni, yametulia, hayana neno. Vita vililetwa na mbolea.

Mbolea yenyewe alifundishwa na Sakaya, Mwarusha wa kule magharibi mwa Meru aliyekuwa akimletea samadi kwa pikapu. Sakaya alimwambia kurushia samadi kavu kwenye makopo ni kupoteza muda. Achukue pipa, aloweke samadi ndani, afunike, awe anakoroga, na ikishatulia achote maji yake ayapunguze makali mpaka yafanane na chai ya rangi, ndipo amwagilie. Hedwiga akafanya hivyo. Pipa lilikaa nyuma ya nyumba likinuka mpaka watu wa nyumba ya pili wakafunga madirisha, lakini maua, jamani, yaliota kwa fujo. Juu ya hapo akaenda mjini kwenye duka la pembejeo, maana siku hizo maduka ya namna hiyo yalikuwa yamefunguliwa kila kona, akanunua chupa ya busta ya kuongeza madini ya chuma. Tone dogo tu kwenye ndoo, majani yanakuwa kijani cha kukukodolea macho.

Lakini maji hayo yakishapita kwenye udongo hutoka kwenye matundu ya kopo. Na yakitoka yanakwenda wapi? Kwenye niru ya Stanley.

Siku Stanley aliposogeza kopo la kwanza na kukuta duara la rangi ya kutu limejichora sakafuni, alichuchumaa akalisugua kwa kidole. Kisha akasogeza la pili. Kisha la tatu. Mstari mzima ulikuwa na maduara, mengine ya kahawia ya samadi, mengine ya chungwa ya yale madini. Hedwiga alisugua kwa sabuni ya unga na mchanga mwororo, wapi. Saruji haina ngozi, ni kitu chenye vitundu vidogo visivyoonekana, na kikishakunywa kimekunywa. Mtu mmoja akamshauri ndimu na chumvi. Alikamua ndimu za kutosha kachumbari ya harusi, akasugua, kutu ikapungua kweli, lakini ndimu ikala na ule mng'ao wote. Pakabaki mabaka meupe mabaya kuliko doa lenyewe. Stanley akayaona na hayo.

Mwanamke mwingine angekata tamaa. Hedwiga aliona aibu, halafu akakasirika, na hasira yake ilikuwa ya kufanya kazi. Akajiambia kwamba kuondoa doa ni kazi ya wendawazimu. Cha kufanya ni kulizuia lisiingie. Tangu hapo alikaa na ile sakafu kama zamani alivyokaa na mashine yake ya chapa, anajaribu, anakosea, anarudia.

Aliacha kabisa kuchanganyia mbolea kibarazani. Alichanganyia kwenye nyasi nyuma ya nyumba, hapo ikimwagika nyasi zinashukuru. Kila kopo akaliinua juu ya vipande vya matofali ili hewa ipite, na chini yake akaweka kifuniko cha ndoo ya plastiki kukinga yale yanayochuruzika. Kabla ya kumwagilia alilowesha sakafu kwa maji safi, kwa sababu saruji iliyokwisha kushiba maji safi haina nafasi ya kunywa uchafu. Akimaliza alipita na tambara kavu papo hapo, bila kusubiri eti kwanza nikaangalie maharage jikoni. Na lile wazo lake kubwa lilimjia siku moja akipiga deki: akayeyusha mishumaa ndani ya mafuta ya taa, akaisugua sakafu yote kwa mchanganyiko huo mpaka vile vitundu vikazibika. Tone la mbolea likidondoka juu yake lilikaa kama shanga, unalifuta na kidole.

Kwenye mbao lakini alianza kwa kichekesho. Benchi la mninga lilikuwa limeshapata duara jeusi pale alipowahi kuweka chungu cha maua, basi Hedwiga akawaza: nguzo za uzio watu wanazipaka oili chafu, haziozi, haziingii maji. Akatuma dumu kwa mafundi magari wa Sakina, likarudi limejaa, akalipaka benchi lote likapendeza kwa weusi. Hakumwambia mumewe. Asubuhi yake Stanley akatoka amevaa suruali ya kaki iliyopigwa pasi, akakaa kufunga viatu, akainuka, akapanda gari akaenda ofisini. Alizunguka ofisi nzima akisalimiana na watu, na kila alipogeuka nyuma kulikuwa na kicheko. Aligundua mchana, tena aliambiwa na mgeni wa kutoka wizarani.

Jioni ile Irine, binti yao mkubwa, alikimbilia chumbani akauma mto asisikike akicheka. Hedwiga alinunua msasa, akalikwangua benchi mpaka kwenye mbao yenyewe, akalipiga vanishi, likakauka, akapiga tena. Juu ya vanishi hakuweka chungu bila kigae chini yake na kitambaa cha meza cha plastiki. Na benchi likawa zuri kuliko lilivyotoka kwa seremala, ila hakuna aliyethubutu kulisema hilo mbele ya Stanley.

Mambo yakatulia. Kisha zikaja habari njema, na habari njema nazo zina presha yake. Irine alikuwa amepata mchumba, kijana wa Machame aitwaye Elirehema, na ukoo wake ulikuwa unakuja kuleta posa. Stanley akalikagua jambo zima kama mkaguzi wa serikali, akamaliza kwenye sakafu, akatamka maneno ambayo Hedwiga hakuyasahau.

"Mama Irine, nikiona doa moja tu siku ya wageni, makopo yote yanapanda gari, yanakwenda shamba Maji ya Chai."

Hakupaza sauti, ndiyo maana alitisha. Hedwiga alijua maana yake. Maji ya Chai walikuwa na kashamba kazuri ka migomba, lakini nani atatoka Njiro na gari lake kwenda kununua waridi huko? Wanaopita pale ni wasafiri wa mabasi wanaotaka ndizi na nyanya. Maua yakienda Maji ya Chai biashara imekufa, na yeye anarudi kuwa yule mtu aliyeambiwa asante nenda nyumbani. Usiku alilala akiwaza sakafu. Alimwambia Irine kwamba anaogopa posa hiyo kuliko Irine mwenyewe, na hakuwa anatania.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Juma zima Hedwiga alikuwa amepaka mishumaa yake kibaraza chote, akaacha mlangoni tu, pale kizingitini, kwa kuwa mishumaa inateleza na hakutaka baba mkwe wa mtu aanguke kifudifudi siku ya posa. Makopo yalikuwa kwenye matofali yao, vifuniko vikavu, benchi linang'aa. Akayakagua kwa mara ya mwisho asubuhi, akaridhika, akaenda jikoni nyuma kuwasimamia akina mama waliokuwa wakipika mtori na kukaanga nyama.

Alipokuwa anaonja chumvi alisikia kishindo mbele ya nyumba, kama ndoo inayoanguka. Akadhani ni mbuzi. Halafu ikasikika honi getini, wageni wamefika kabla ya saa yao, kila mtu akaanza kukimbia huku na huku kutafuta khanga. Hedwiga akafunga kilemba vizuri, akapita ndani ya nyumba kwenda kuwapokea. Alipofika mlangoni akakwama.

Katikati kabisa ya mlango, mahali mtu anapokanyaga akiingia, kulikuwa na chungu kikubwa cha isale. Kilikuwa cha mteja mmoja wa Moshono ambaye alikuwa bado hajaja kukichukua, na kawaida kilikaa chini, karibu na ngazi. Nani amekipandisha huku? Kisha ile harufu ikamfikia, harufu ya pipa, kali, isiyochanganywa na maji. Akatazama chini. Pembeni ya chungu, kwenye ile niru isiyopakwa mishumaa, weusi wa samadi ulikuwa unatambaa kutokea chini yake, umekwisha kunywewa.

Stanley alikuwa amesimama pembeni na suti yake, mikono nyuma. Hedwiga alimtazama usoni, akaona uso umekaza. Akajua tu kwamba chungu kile kimevuja wakati kinasogezwa, mbolea yake, kosa lake, na mwanaume ameliona doa. Akayaona makopo yake yote juu ya gari, yanapita Tengeru kuelekea Maji ya Chai. Alitaka kulia lakini wageni walikuwa wameshaingia getini.

Mbele alitangulia Mzee Aminieli, baba mkubwa wa Elirehema, amevaa koti refu na fimbo mkononi, nyuma yake wanaume wawili wamebeba mbege, ile pombe ya ndizi, na nyuma zaidi akina mama na kreti za soda. Irine na wadogo zake wakatoa shikamoo, zikaitikiwa. Mzee akapanda ngazi moja, ya pili, akafika kwenye kile chungu, akasimama. Msafara mzima ukasimama nyuma yake, waliobeba mbege wakiyumba.

Wachaga wanaijua habari hii bila kuelezwa, lakini kwa asiyejua: isale si ua la kupamba tu. Ndilo linalopandwa mpakani mtu asivuke. Na ukimkosea mtu kosa zito, unachuma jani la isale, unalifunga fundo, unampelekea. Akiletewa isale hawezi kukataa kusamehe, hata kama moyo unamchemka. Sasa watu wazima wa Machame wanakuja kuomba mke, wanakuta isale limesimama mlangoni kama askari. Wangefanyaje?

Mzee Aminieli alikitazama chungu, akamtazama Stanley.

"Mzee mwenzangu," akasema taratibu, "kwetu isale halikai mlangoni bila sababu. Ama mnatuzuia kupita, ama ndani humu kuna mtu anamwomba mwenzake msamaha. Tuambie ni lipi, tujue kama tunaendelea au tunarudi."

Hakuna aliyecheka. Elirehema alibadilika rangi. Irine alimshika mama yake mkono, na Hedwiga akaona basi, ni yeye wa kusema, ni mbolea yake, aseme tu ili posa ya mtoto isiharibike, na hayo maua yaende yanakokwenda. Akafungua mdomo. Lakini Stanley akamtangulia.

"Hamkuzuiwa, mzee. Ni mimi ninayeomba."

Alitoa mikono nyuma. Mmoja ulikuwa na tambara lililolowa samadi, na mkono wa shati la suti ulikuwa mweusi mpaka kiwikoni. Akaeleza yote pale pale mbele ya wakwe, mtu mzima mwenye suti, na kadiri alivyoeleza ndivyo Hedwiga alivyozidi kutoamini masikio yake. Kumbe kila Jumapili yeye Hedwiga akienda misa ya kwanza, huku nyuma mumewe anachukua ndoo, anakwenda kwenye pipa, anamwagilia maua. Alianza kwa udadisi, akanogewa. Kule ofisini alikuwa anajisifia waridi kana kwamba amezipanda yeye. Asubuhi hii aliona zimesinyaa kidogo, akataka zisimame vizuri mbele ya wageni, akachota mbolea pipani kama ilivyo bila hata kuipunguza, na mpini wa ndoo ukakatika akiwa mlangoni. Akapapasa kitu chochote kikubwa cha kufunikia. Mkononi likamjia isale.

"Nilimwambia nikiona doa nafukuza maua yake," akasema. "Na doa nimelimwaga mimi."

Kisha akainama, akachuma jani moja, akalifunga fundo, akalishika kwa mikono yote miwili iliyochafuka, akamnyooshea mkewe.

Hedwiga alipandwa na hasira ya ghafla. Miezi yote ile! Alivyokesha, alivyokamua ndimu, alivyotembea kwenye sakafu ya nyumba yake mwenyewe kama mwizi, na kumbe mwanaume huyu anayapenda maua haya, ila neno hilo halikumtoka mdomoni hata siku moja. Kisha akautazama ule mkono wa shati mweusi, akataka kucheka. Badala ya kucheka machozi yakamtoka, mbele ya wakwe, na kilemba chake cha sherehe. Alifurahi kuliko siku ile gari la kwanza lilipofunga breki getini kwake.

Akalipokea jani. Asingeweza kukataa, wala hakutaka kukataa.

"Nimepokea, Baba Irine. Na maua?"

"Yanabaki hapahapa."

Mzee Aminieli akagonga fimbo sakafuni, akasema kwamba kama mambo ya nyumba hii yanamalizwa hivi, tena kwa uwazi, basi wao wamefika mahali walipokuwa wanatafuta. Elirehema akaambiwa asogeze chungu, akakibeba kwa nguvu za mtu anayetaka kuonekana, na lile doa likatokea lote, jeusi, kubwa kama mkeka. Wageni wakalizunguka mmoja mmoja wakiinua mavazi yao, vigelegele vikaanza, mbege ikaingia ndani, na mazungumzo ya Irine yakaenda vizuri mpaka jioni.

Doa halikutoka. Lilisuguliwa na kila kitu kinachouzwa Arusha, likafifia likawa kahawia, likakataa kwenda zaidi. Waliofika kununua maua hawakukosa kuliuliza, hasa wanawake waliokuwa wamejenga karibuni na walioogopa sakafu zao, wakidhani ni kosa la mama wa maua. Hedwiga hakuwahi kupata nafasi ya kuwajibu. Kila mara Stanley alikuwa ameshainuka kwenye benchi, anakuja mlangoni na kopo mkononi.

"Hapana, mama," alikuwa anawaambia. "Hilo ni langu."